Barua Si Mali ya Mwenye Ufunguo



Mwaka jana, wakati michikichi inazaa sana, mzee mmoja wa kiwanda cha mawese hapa Rumonge alitujia nyumbani saa moja ya usiku, bado amevaa nguo za kazi zenye mafuta. Jina lake hatulitaji, na jina la kiwanda hatulitaji pia, maana mambo yenyewe hayajaisha. Mkononi alikuwa na bahasha iliyochanwa upande mmoja. Juu yake kulikuwa na stempu za Marekani na kile kikaratasi chenye namba kinachoonyesha kwamba barua ni ya rejesta, ile ambayo sisi huku tunaiita rekomande. Ndani mlikuwa na karatasi mbili zilizopigwa taipu na kutiwa sahihi mbele ya shahidi. Akatuuliza hivi: "Ndugu zangu wa sendika, mtu akifungua barua yangu na asichukue kitu, je, amekosa au hakukosa?"

Usiku ule hatukuweza kumjibu. Sisi tunaoandika haya tulianza kazi tukiwa vijana wa kubeba mikungu, na shule yetu iliishia ya msingi. Tulimwomba atupe siku chache, tukaenda kuuliza wanaozijua sheria, tukasoma tulivyoweza kusoma. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tunayaandika kwa sababu tunajua mzee huyo si peke yake.

Kwanza kisa chenyewe. Mzee ana kaka yake mkubwa. Misiba ya 1972 ilipoanza huku kandokando ya ziwa, mwishoni mwa mwezi wa Aprili, kaka huyo alivuka usiku kwa mtumbwi akaenda upande wa Kongo. Alikaa huko miaka ishirini na zaidi, akaoa, akalima. Vita vya Kongo vya 1996 vikamfukuza tena, akavuka ziwa mara ya pili kwenda kambi za mkoa wa Kigoma. Kuanzia 2007 Marekani ilipokea maelfu ya Warundi wa 1972 waliokuwa katika kambi za Tanzania, naye akawa mmoja wao. Leo yuko Texas, na kwa umri wake ndiye peke yake katika ukoo anayejua mipaka ya shamba la baba yao ilipita wapi, mchikichi upi ulipandwa na nani, na jirani yupi alikuwa shahidi.

Kila msomaji wa Rumonge anajua mambo ya mashamba yalivyo huku. Waliokimbia walirudi wakakuta watu wengine ndani, na waliomo ndani nao wengi walipewa, hawakuiba. Shamba la mzee lina kesi ya namna hiyo mbele ya bashingantahe wa mlima wake. Kaka akaandika ushuhuda wake kwenye karatasi, akautia sahihi, akautuma kwa rekomande. Mzee hana sanduku la posta. Huku kwetu hakuna mtu wa posta anayetembea nyumba kwa nyumba na mfuko begani. Ukitaka barua, lazima uwe na namba ya sanduku. Basi mzee alifanya kama tufanyavyo wote: alimpa kaka yake namba ya sanduku la kiwanda.

Barua ilifika. Plantoni wa kiwanda alitia sahihi posta, akaileta bironi. Kijana mmoja wa biro akaona stempu za Marekani, akadhani mna dola. Akaichana. Alipokuta karatasi tupu za lugha asiyoijua vizuri, akaogopa, akaitia kwenye mtoto wa meza chini ya orodha za mishahara ya zamani. Ikakaa humo miezi minne. Kaka anapiga simu: "Zimefika?" Mzee anajibu: "Bado." Siku ya kusikilizwa kesi ikafika, mzee akasimama mbele ya wazee wenziwe mikono mitupu, akasema ushuhuda uko njiani. Wenye kesi naye wakacheka. Sisi tulikuwapo siku ile, na kicheko kile tulikisikia.

Iligunduliwaje? Kwa namba. Kaka alikuwa ameiweka risiti, akaisoma namba kwa simu, mzee akaenda nayo dirishani posta. Karani wa posta akafungua daftari, akamwonyesha siku na sahihi ya plantoni. Posta ilikuwa imefanya kazi yake. Barua ilipotea baada ya posta, katika hatua zile mia tatu kati ya sanduku na kiwanda.

Kijana alipobanwa alisema neno ambalo ndilo lililomleta mzee kwetu: "Sikuiba kitu. Karatasi zenu hizi hapa."

Tuanze na barua ni ya nani. Kuna umoja wa posta zote za ulimwengu, ulioanzishwa Bern nchini Uswisi mwaka 1874, na mkataba wake umeliweka jambo hili wazi: kitu kilichotumwa kwa posta ni mali ya aliyekituma mpaka kimfikie anayestahili kukipokea, isipokuwa serikali ikikizuia kwa sheria. Kwa hiyo ile bahasha iliyokuwa chini ya orodha za mishahara haikuwa mali ya kiwanda hata dakika moja, wala haikuwa mali ya bwana mkubwa anayelipia sanduku kila mwaka. Ilikuwa bado mali ya mzee mwingine aliyeko Texas. Tulipomweleza msimamizi hivyo alituambia: "Lakini sanduku ni letu." Tukamjibu kwamba lori la kubebea mikungu ni lenu pia, na jioni linaturudisha sisi nyumbani, lakini hatujawa mali yenu kwa kupanda lori.

Sheria za huku kwetu zinasema nini? Katiba ya Burundi ya 2018, katika ibara ya 43, inakataza mtu kuingiliwa ovyo katika maisha yake, jamaa yake, nyumba yake na barua zake. Wakati wa Wabelgiji, kanuni ya adhabu ya Kongo ya 1940 ilitumika pia Ruanda-Urundi, nayo ilikuwa na vifungu vya kuwaadhibu wanaofungua au wanaoficha barua zilizokabidhiwa posta, na adhabu ya mtu wa posta mwenyewe ilikuwa nzito kuliko ya mtu wa nje. Angalieni maneno hayo mawili, kufungua na kuficha. Halisemwi neno la kuchukua dola. Kosa ni kuivunja siri ya bahasha, hata kama ndani mna salamu za shangazi tu.

Tena kuna milango mingine miwili ambayo sheria zetu zilizotoka kwa Wabelgiji zinayo, Kongo na Burundi. Mmoja ni wizi wa kawaida: kuchukua kwa hila kitu kisicho chako. Wa pili ni kuvunja amana, yaani umekabidhiwa kitu umpelekee mwenyewe, nawe ukakigeuza chako au ukakipoteza kwa makusudi. Kule Kongo kila kimoja cha hivi viwili kinaweza kumpeleka mtu gerezani mpaka miaka 5. Mlango huu wa pili ndio unaotuhusu sisi wa viwandani na mashambani, kwa sababu barua zetu hupita katika mikono iliyokabidhiwa: plantoni, sekretari, kapita, zamu wa getini.

Wenzetu waliotawaliwa na Waingereza wana sheria kali zaidi, na hapa tulishangaa. Nchini Kenya, wizi wa kawaida adhabu yake ni kifungo mpaka miaka 3. Lakini kifungu cha 277 cha kanuni yao ya adhabu kinasema kitu kilichoibwa kikiwa ni cha posta, au kilikuwa ndani ya kitu cha posta, kifungo ni mpaka miaka 10. Tanzania nayo ina kifungu kama hicho chenye miaka 10 hiyo hiyo. Maana yake mtu akiiba baiskeli iliyoachwa kando ya barabara Kisumu anaogopa miaka 3, na akiiba bahasha yenye stempu moja anaogopa miaka 10.

Tuliuliza kwa nini. Wengine watasema ni urithi wa wakoloni tu, waliozithamini barua za serikali yao kuliko baiskeli za watu, na kweli sheria hizo zina asili ngumu: huko Uingereza mwizi wa barua aliweza kunyongwa mpaka mwaka 1835. Lakini sisi tunaona kuna akili nyingine ndani yake. Mwizi wa baiskeli anajua anaiba baiskeli, na aliyeibiwa anajua jioni ile ile kwamba hana baiskeli. Mwizi wa barua hajui anaiba nini. Anatafuta dola tano, anazika shamba la watu. Na aliyeibiwa hajui kwamba ameibiwa. Anakaa akimnung'unikia kaka yake kwamba amemsahau. Mzee wetu alikiri mbele yetu kwamba katika ile miezi minne alifikiri kaka yake anamdanganya kwenye simu, na mara mbili aliacha kupokea.

Kaka alipopata habari za mtoto wa meza, alimweleza mzee kwamba hata huko aliko wezi wa barua wapo. Marekani sehemu nyingi posta hupeleka barua mpaka mlangoni, na nyumba nyingi zina visanduku vyao kando ya njia. Humo hupita hundi, kadi za benki, dawa, na makaratasi ya ukaaji ya wageni kama yeye. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamfunga mwizi wa barua mpaka miaka 5. Kifungu kimoja chake kinamhusu hata yule anayechukua barua kabla haijamfikia aliyeandikiwa, kwa nia ya kuizuia au ya kuchungulia mambo ya mwenzake. Hapo tulisema, huyu ndiye kijana wetu wa biro.

Lakini sheria ya serikali kuu hushtakiwa na mawakili wa serikali kuu, nao wana kesi kubwa kubwa. Polisi wa mji akimkamata mtu na mfuko wa barua za mtaa mzima, mara nyingi alikuwa hana kifungu cha jimbo kinachoitaja barua kwa jina. Ndiyo maana majimbo kadhaa yameandika sheria zao yenyewe. Texas iliandika yake mwaka 2019, ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Nayo haiulizi barua ilikuwa na thamani gani. Inahesabu watu walioibiwa. Wenye barua wakiwa chini ya 10, ni kosa la jela isiyozidi mwaka 1. Wakiwa 10 na kuendelea ni kosa kubwa zaidi, na wakifika 30 kifungo kinaanzia miaka 2 mpaka 10. Tena adhabu huzidi kama barua zilichukuliwa ili kujifanya mtu mwingine kwa kutumia jina lake na namba zake.

Sisi hatuna haja ya kuiga kila kitu cha Marekani. Lakini jambo hili la kuhesabu watu tunalipenda. Sanduku moja la kiwanda cha huku lina watu wangapi nyuma yake? Kiwanda kikiwa na wafanyakazi mia mbili, hesabu wake zao, watoto walio shuleni mbali, wazazi wanaoandikiwa kupitia kwao. Humo hupita karatasi za pensheni, wito wa mahakama, majibu ya hospitali, matokeo ya mitihani, barua za benki. Watu wote hao wanategemea ufunguo mmoja unaoning'inia kwenye mkanda wa plantoni, ambaye analipwa kidogo kuliko sisi na hakuna aliyemfundisha lolote juu ya kazi hiyo. Hatumtetei mwizi. Tunasema aliyempa ufunguo bila daftari naye ana lake la kujibu.

Na hapa ndipo sheria inapopata kizunguzungu. Posta itasema, na itakuwa na haki, kwamba barua ikishatiwa katika sanduku au ikishatiwa sahihi na mtu aliyetumwa, imefikishwa. Kiwanda kitasema hakikuiandikia. Mzee anabaki katikati. Ukienda kwa mwendesha mashtaka utaulizwa: nani alipokea, lini, na alimkabidhi nani? Mkono wa kwanza umo katika daftari la posta. Mikono mingine yote haimo katika daftari lolote.

Nasi wafanyakazi tusijifanye wasafi. Mara ngapi umepita bironi ukachukua barua tano za wenzako ili uwapelekee, moja ukaisahau mfukoni mpaka ikafuliwa pamoja na suruali? Mara ngapi tumemtuma mtoto wa miaka saba akachukue? Kuna mwenzetu mmoja shambani alikuwa akitia sahihi kwa niaba ya kikundi chake chote, kwa wema kabisa, mpaka siku barua ya mahakama ya mtu ilipopotea na jina lake likawa ndilo liko chini.

Barua za mkono ni jambo jingine. Tangu 1972 mpaka leo barua nyingi za watu wa pwani hii hazijapita posta hata kidogo. Zilikwenda kwa mitumbwi ya wavuvi, kwa maboti ya Kigoma na Uvira, kwa madereva wa njia ya Bujumbura. Wengi wa waliozibeba walikuwa waaminifu kuliko kasha la chuma, na kuna jamaa zilizokutana tena kwa sababu ya kijikaratasi kilichofungwa ndani ya kitenge cha mama muuza ndagala. Barua hizo hazina risiti wala namba. Zikipotea, una ule mlango wa amana tu, nao unataka shahidi. Kwa hiyo ukimpa dereva bahasha yenye karatasi za maana, mpe mbele ya mtu wa tatu, na mwenye kupokea aambiwe kwa simu siku hiyo hiyo.

Wapo watakaosema barua zimekwisha, leo kila mtu ana simu na pesa zinatumwa kwa simu. Ni kweli salamu na pesa zimehamia huko (na wezi nao wamehamia huko, hasa kwa mtu anayempa wakala namba yake ya siri amsaidie). Lakini bashingantahe hawapokei ushuhuda wa simu kama wanavyopokea karatasi yenye sahihi. Pensheni bado ni karatasi.

Jambo moja linaihusu sendika yenyewe. Mwaka 1970 Mkutano Mkuu wa Shirika la Kazi Ulimwenguni, huko Geneva, ulipitisha azimio juu ya haki za vyama vya wafanyakazi na uhuru wa raia, na miongoni mwa haki lilizozitaja ni kutoguswa kwa ofisi za vyama, barua zao na mazungumzo yao ya simu. Tunalisema kwa sababu miaka ya nyuma, mahali fulani tulipokuwa tukiandikisha wanachama, barua za kutuita mkutanoni zilikuwa zinatufikia siku mbili baada ya mkutano, na gundi ya bahasha mbichi bado.

Sasa ya kufanya. Karatasi yenye maana itume kwa rekomande, na risiti iweke pamoja na kitambulisho, usiiweke katika Biblia au Kurani ambamo kila mgeni hupekua. Usitie noti katika bahasha ya kawaida. Mkataba wa posta za ulimwengu unakataza, na ikipotea hutalipwa. Ukiona rekomande ya ng'ambo haifiki, usingoje mwaka: muda wa kuulizia katika mkataba huo ni miezi 6 tangu siku inayofuata ile iliyotumwa, na baada ya hapo posta haina lazima ya kukutafutia. Barua ya kawaida haina namba wala fidia.

Kwa upande wa kiwanda, tuliomba mambo matatu. Daftari la barua lenye tarehe, jina na sahihi, au dole gumba kwa asiyeandika. Barua itolewe siku ile ile, imefungwa. Na sanduku lifunguliwe mbele ya mjumbe wa wafanyakazi. Daftari tumelipata, ni la kurasa mia moja, jalada jekundu, liko kwa sekretari. La siku ile ile wamekubali kwa mdomo. La mjumbe wamelikataa mara mbili, wakisema tunawaita wezi. Tutalirudia.

Na kijana? Tulimwambia mzee milango yote iko wazi, tutakwenda naye kwa mwendesha mashtaka tukiwa na namba, tarehe na bahasha. Alikaa kimya sana. Mama yake yule kijana ndiye aliyemtunza mke wa mzee alipokuwa mgonjwa, na hapa Rumonge mtu huchota maji kisima kimoja na mshtaki wake. Mzee akasema anataka kitu kimoja: kijana aende naye mbele ya bashingantahe, aseme kwa kinywa chake karatasi zilikuwa wapi ile miezi minne. Sisi hatukupendezwa, tulitaka kesi iwe somo kwa mabiro yote ya pwani. Lakini barua ilikuwa ya mzee, na kesi ni yake.

Kijana alikwenda. Alisema. Waliocheka mara ya kwanza hawakucheka, na wazee wakaupokea ushuhuda, wakaahirisha shauri ili wapande wenyewe kuitazama mipaka. Shamba bado halijaamuliwa.

Mwezi uliopita kaka ametuma rekomande nyingine, yenye mchoro wa shamba alioukumbuka na kuuchora kwa mkono. Ilifika Jumanne. Mzee alitia dole lake katika ukurasa wa tatu wa daftari jekundu, akatoka nayo imefungwa vilevile, akamngoja mjukuu wake atoke shule ndipo akaifungua.

Wajumbe wa kila kiwanda na kila shamba wanaombwa waandike majina ya wenzao waliopotelewa na barua tangu Januari, na walio na risiti waje nazo katika mkutano ujao wa sendika.